Ndugu Wifi Mobile Money

Meseji iliingia Ijumaa saa nane mchana, watu wakitoka msikitini na foleni ya watu sita hivi ikiwa mbele ya kibanda changu. Niliipitishia macho nikadhani ni ya matapeli, wale wa "ile pesa tuma kwa namba hii", nikairudisha simu chini ya meza. Nilikuwa katikati ya kuhesabu noti za mteja ndipo maneno yake ya kwanza yakanirudia kichwani, nikapoteza hesabu. Ilianza hivi: Ndugu Wifi Mobile Money.

Duniani kuna mtu mmoja tu aliyeniandika kwa jina hilo. Mke wa kaka yangu, fundi cherehani, ana mawifi watatu, na siku aliyonunua simu janja yake ya kwanza alituhifadhi kwa kazi zetu au mahali tunapokaa: Wifi Shule, Wifi Arua, Wifi Mobile Money. (Wifi wa ndoa, si wa intaneti, utani huo nyumbani kwetu umeshachuja.) Kwa mdomo hajawahi kuniita hivyo hata mara moja. Wateja hapa Bombo, Uganda, wananiita Hajati, ingawa Makka sijafika. Jina lile lilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya simu ya wifi yangu. Sasa limetoka humo na kunirudia mimi kutoka kwa mtu nisiyemjua.

Meseji yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, herufi kubwa tupu, kama mpiga debe wa stendi. Neno "wifi" lilikaa katikati yake kama mgeni aliyekosea harusi. Ilisema mwenye namba fulani, namba ninayoijua bila kuitazama, amekopa na kutoroka. Kwamba mimi nimetajwa kuwa mdhamini wake. Kwamba ikifika saa kumi na mbili jioni hajalipa, na jina langu litafikishwa polisi.

Nikapiga. Simu imezimwa. Nikamwachia kijana wa jirani kibanda, nikaenda mbio hadi nyuma ya soko anakoshonea.

Nilimkuta ameinamia gomesi ya mtu, lile gauni refu la wanawake wa Uganda, hashoni, simu ameizika chini ya vipande vya kitambaa kana kwamba ingeweza kumsikia. Alikuwa amekopa shilingi 80,000. Mkononi zilifika 61,000, nyingine zilikatwa kabla hazijatoka, eti ada. Siku saba alipe zote na nyongeza. Mteja aliyemtegemea alichelewa, naye akachelewa siku mbili. Siku mbili tu. Kufikia mchana ule meseji ilikuwa imeshakwenda kwa imamu, kwa mwalimu wa madrasa wa wanawe, kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, kwa muuza mkaa, kwa bibi harusi wa Wobulenzi aliyelipa nusu ya gauni. Na kwa mama.

Mama yangu, yaani mama mkwe wake, alifariki miaka minne iliyopita. Namba yake wifi hakuwa na moyo wa kuifuta, na mimi pia sijaifuta, tusilaumiane. Laini isiyotumika kampuni ya simu humpa mtu mwingine, na ya mama ikaangukia kwa mwanamume mmoja wa Mbarara. Alipiga jioni ile, wifi akakataa kupokea, nikapokea mimi. Sauti ya upole, Kiswahili cha kujikongoja: "Samahani, mimi ni mwanamume, nina shamba la ndizi. Kwa nini wananiita Mama Mkwe?" Nikajikuta nacheka na machozi yananitoka. Nikamweleza. Akanipa pole ya mama, ya deni hakuitaja. Sijui kama nitawahi kumsahau mtu yule.

Nilimuuliza wifi, nikijitahidi nisigombe: ilikuwaje wakapata namba zote hizi? Akasema, "Iliniuliza, nikabonyeza Ruhusu."

Simu yake nilimwekea Kiswahili mimi mwenyewe, kwa kiburi changu cha lugha. (Kwa msiopajua, Bombo iko kwenye barabara ya Kampala kwenda Gulu, ina kambi kubwa ya jeshi, na ina sisi Wanubi, wajukuu wa askari waliotoka Sudani. Kiswahili hapa ni lugha ya kwenye kambi na sokoni. Ukikiongea Kampala mjini bado kuna mtu atashika mkoba wake.) Kwenye simu ya Kiswahili, programu ikitaka namba za watu unaowajua inakuuliza kama unairuhusu ifikie "anwani" zako. Anwani! Wifi alielewa kama ambavyo Mswahili yeyote angeelewa: wanataka kujua ninapokaa. "Si haki yake mkopeshaji kujua nyumba ya mkopaji?" aliniuliza. Sikuwa na jibu. Aliyechagua neno lile hakuwaza kwamba ndugu wa mkopaji nao wamo ndani yake.

Simu za Android zilianza kuuliza ruhusa moja moja kwenye toleo la 6, lililotoka 2015. Kabla ya hapo ulikuwa unakubali zote siku ya kuweka programu, la sivyo huiweki. Matoleo ya baadaye yakaongeza "wakati wa kutumia tu" na "mara hii tu", na tangu toleo la 12 kuna alama ya kijani inayowaka kwenye kona ya juu kamera au maikrofoni ikitumika. Kwa namba za watu hakuna taa. Ukiruhusu mara moja orodha nzima inaweza kunakiliwa na kutumwa kabla hujamaliza kuandika jina lako, na ukiikataza kesho, umefunga zizi ng'ombe wameshatoka.

Google ilijua mchezo huu. Tangu tarehe 31 Mei 2023 imezikataza programu za mikopo zilizo kwenye Play Store kugusa namba na picha za mtu. Ila ya wifi haikutoka Play Store. Ilikuja kwa kiungo cha WhatsApp kutoka kwa mshonaji mwenzake, ambaye naye alitumiwa na mtu. Simu ilimwonya kwamba faili hili halitoki dukani. Akabonyeza Endelea, kwa kuwa karo ilikuwa inadaiwa Jumatatu. Mkopeshaji wa namna hii hapa Uganda anatakiwa awe na leseni ya UMRA, mamlaka ya serikali inayosimamia mikopo midogo. Huyu hakuwa hata na anwani, na safari hii nasema anwani ya kweli, ya jengo na mtaa.

Nilitaka apeleke malalamiko. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na kuna ofisi yake inayopokea malalamiko, chini ya NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari. Niliisoma usiku ule kibandani, na kuna kifungu kilichonifanya nikae wima: taarifa za mtu zinatakiwa zichukuliwe kwake yeye mwenyewe moja kwa moja. Kuna hali chache zinazoachwa nje, lakini msingi ndio huo. Kuchukua au kutoa taarifa za mtu kinyume cha sheria kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 10. Mimi sikukopa. Mwenye shamba la ndizi hakukopa. Sisi hata programu hiyo hatujawahi kuiona kwenye kioo, lakini namba zetu zimechukuliwa.

Wifi hakutaka. Alisema imamu ameshajua, inatosha, hataki na wa Kampala wajue. Siku ile niliona wenye programu ile wanashika rehani gani. Si cherehani wala shamba. Wanashika aibu, na aibu haiuziki isipokuwa uwe na orodha ya watu ambao mkopaji anawaonea haya. Orodha hiyo ndiyo walikuja kuchukua tangu mwanzo. Zile 80,000 zilikuwa chambo.

Tulimlipia kwa kuchangishana, kaka, mimi na Wifi Arua. Sitasema jumla ilifika ngapi.

Ningeweza kuishia hapo nikabaki mwenye haki. Lakini nilirudi kibandani nikawasha taa, nikaanza kukagua simu yangu kwa hasira ile ile, nikiwa na uhakika sitakuta kitu. Mimi ndiye ninayewekea mji mzima programu. Mimi ni fundi.

Nikafungua Mipangilio, nikaenda kwenye kidhibiti cha ruhusa, nikagusa Anwani. Zikatokea programu kumi na moja zilizoruhusiwa. WhatsApp naielewa, bila namba haina kazi. Ya mobile money naielewa. Nyingine tisa je? Kibao cha kuandikia chenye vikatuni, nilikiweka mwaka wa korona. Ludo ya mwanangu. Ludo! Kete na vidoti sita, inataka nini na namba ya imamu? Programu ya kumtambua anayepiga, ile inayokuonyesha jina ambalo watu wengine wamemhifadhi nalo mwenye namba. (Kuna mzee hapa Bombo aligundua kwa njia hiyo kwamba nusu ya mji imemwandika "Msumbufu".) Nilikuwa nikiisifu kwa wateja, inakamata matapeli, nami sikujiuliza majina hayo inayatoa wapi. Inayatoa kwa watu kama mimi.

Simu yangu ina namba zaidi ya elfu moja na mia sita. Wateja wa floti (ile pesa ya kwenye laini ya wakala), wanajeshi waliohamishwa, wajane wanaopokea pesa za watoto wao walioko nje, na wengi wao nimeandika na kijiji. Sikumuuliza hata mmoja.

Tochi nayo ilikuwepo. Simu yangu ina tochi yake ya kiwandani, ila mwaka fulani niliona nyingine eti inawaka zaidi. Tochi inayotaka kujua ulipo ni habari ya zamani. Desemba 2013 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliibana kampuni iliyotengeneza Brightest Flashlight, tochi iliyokuwa kwenye mamilioni ya simu. Ilikuwa inapeleka mahali mtu alipo na alama ya simu yake kwa watu wa matangazo, na data zilianza kuondoka kabla mwenye simu hajabonyeza kukubali wala kukataa. Katochi ya haboba wangu, yaani bibi, ile simu ndogo ya batani yenye tochi, inamulika hadi chooni na kurudi na haijawahi kumuuliza hata jina.

Halafu VPN. Hapa ndipo nilipoona haya kweli.

Julai 2018 serikali ilipoweka ushuru wa shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia WhatsApp, Facebook na wenzao, mimi nilifanya biashara ya kuwawekea watu VPN za bure. Shilingi 1,000 kwa simu, dakika tano. Watu walitoka hadi Wobulenzi kunifuata. Nilikuwa nawaambia, "Hii inakuficha." Na kweli inakuficha: mawasiliano yako hayapiti tena wazi mbele ya kampuni ya simu, yanapita ndani ya bomba hadi kwenye mtambo wa mwenye VPN. Ila yeye sasa ndiye anayekaa pale alipokuwa amekaa yule uliyemkimbia. Anaona unakwenda wapi na saa ngapi. Agosti ya mwaka huohuo, wiki chache tu baada ya ushuru wetu kuanza, Facebook ililazimika kuiondoa Onavo kwenye duka la Apple. Onavo ilikuwa VPN ya bure, Facebook iliinunua 2013, na kwa macho ya watu waliojificha ndani yake Facebook ilikuwa inajua ni programu zipi za washindani zinapendwa. Sisi huku tulikuwa tunakimbia shilingi 200.

Ushuru ule uliondolewa 2021, ukaja wa asilimia 12 kwenye bando. Facebook nayo ilifungwa Uganda Januari ya mwaka huo, kwa hiyo VPN za bure zikabaki kwenye simu. Nilizoweka mimi sijui ni ngapi. Najua tu kwamba sikumsomea mtu hata mmoja zilikuwa zinaomba nini, kwa sababu sikusoma.

Ya mwisho ni ya nyakati za sala, na hii niliigusa kwa kusitasita. Inataka mahali ulipo saa zote, hata ukiwa umeifunga. Novemba 2020 Motherboard, jarida la mtandaoni la Marekani, liliandika kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za sala iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98, ilikuwa ikipeleka mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni iitwayo X-Mode, na kupitia mikono ya makandarasi data za X-Mode zilikuwa zinafika kwa jeshi la Marekani. Muslim Pro ilitangaza kukata uhusiano huo mara moja. Yangu si hiyo, ni nyingine ndogo, na sina ushahidi wowote dhidi yake. Lakini nilijiuliza: inahitaji nini saa zote? Bombo iko karibu kabisa na ikweta, nyakati za sala hazisogei sana mwaka mzima, na mwadhini wetu ana spika ya kuamsha hadi Matugga. Kibla hakijahama tangu babu zetu walipofika: kaskazini, ukiegemea mashariki kidogo. Nikaifuta.

Watu wakisikia mambo haya huniuliza kuhusu maikrofoni. Kila mtu ana hadithi: nilitaja magodoro, jioni nikaona tangazo la magodoro. Mimi siamini kwamba kuna anayetusikiliza mchana kutwa, na sioni kwa nini ajisumbue. Ukishajua mtu yuko wapi, nani amehifadhi namba yake na anakopa wakati gani wa mwezi, maneno yake ya nini tena?

Kuna daftari kibandani kwangu. Kila anayetoa pesa huandikwa humo, jina, namba, kiasi, sahihi. Zamani lilikuwa wazi juu ya meza, mpaka kijana mmoja kwenye foleni aliponakili namba ya binti aliyemtangulia akampigia usiku kucha. Baba wa binti alikuja kunifokea mbele ya watu, na alikuwa na haki. Tangu siku hiyo nimekata boksi la sabuni, nalifunika daftari, unaona mstari wako tu. Nikifunga kibanda naondoka nalo kwapani. Miaka sita nimelinda daftari lile la kurasa 96 kama mboni ya jicho, na mfukoni nilikuwa na jingine la watu elfu moja na mia sita, limefunuliwa, kila kete ya ludo inalisoma.

Hili ndilo linaloniuma kuliko meseji yenyewe. Nilipobonyeza Ruhusu nilidhani natoa kitu changu. Wifi naye alidhani hivyo. Namba ya wifi si yangu, ya imamu si yangu, ya mama sasa ni ya mtu wa Mbarara.

Usiku ule nilinyang'anya ruhusa programu tisa, nikafuta sita kati yake. Mwanangu alinuna kwa ajili ya ludo siku mbili, halafu akagundua inacheza vizuri tu bila kujua namba ya mtu yeyote. Za wateja wa VPN siwezi kuzifuata nyumba kwa nyumba, lakini kila anayekuja kutoa pesa nikimkumbuka namwomba simu. Wengine wananitazama kama nimeanza kuchanganyikiwa. Baba mmoja aliniuliza itamgharimu kiasi gani. Nikamwambia alishanilipa 1,000 mwaka 2018.

Wiki iliyopita alikuja kijana wa boda boda, ana kiungo cha WhatsApp, mkopo wa dakika tatu, hakuna dhamana. Anataka nimsaidie kuweka maana simu inamkatalia. Nilimweleza yote haya, kwa ufupi kuliko nilivyowaeleza ninyi. Alisikiliza, akasema, "Hajati, tairi limeisha, nifanye nini?" Na mimi tairi nililiona, kweli limeisha.

Nikamwambia, sawa, wewe ni mtu mzima. Lakini kabla hujabonyeza chochote, nitafute humo kwenye simu yako.

Akanitafuta. Amenihifadhi "Mama Floti".

"Nifute," nikamwambia.

Akacheka, akadhani ni mzaha. Nikamnyooshea mkono, nasubiri simu. Foleni nyuma yake ikaanza kulalamika. Alisimama pale kidole hewani muda mrefu, akinitazama mimi, akitazama kioo, kisha akaanza kuteremka na orodha yake jina moja moja, midomo ikicheza kimyakimya, akiwasoma.